Mzimu Haukuua

Wapelelezi wa kwenye muvi tunawajua wote, ila huyu wa Unguja nimemgundua likizo hii: Bwana Msa na kiko chake, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) cha Muhammed Said Abdulla. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanawaza mizimu. Yeye anamtafuta binadamu.

Jamani, nilisoma kwa aibu. Babu alipofariki, ukoo ulimwita shangazi mchawi. Mimi, na digrii yangu ya falsafa, nilinyamaza. Katekisimu namba 2117 inakataza uchawi, naijua kwa moyo. Amri ya Nane, ya kumsingizia jirani, niliiruka.

Jumapili, baada ya Misa pale Minara Miwili, nilimpigia simu. Akaniuliza kwanza kama nimekula.