Ushahidi juu ya Maiti

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mauti na uhai, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya, jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa liko suala linaloulizwa pwani, na bara laulizwa zaidi, na hasa katika mji wa Arusha ulio chini ya mlima Meru. Nalo ni hili: mtu mwema akifa, je, yafaa wasimame watu makaburini waeleze maisha yake, au heshima ya maiti ni kunyamaza?

Sababu ya suala hili kuulizwa sana kule ni ujirani. Waislamu wa Arusha wakaa mlango kwa mlango na Walutheri, na wengine ni ndugu wa tumbo moja, huyu kasilimu na yule kabatizwa. Akifa jirani, Mwislamu huenda mazikoni kwa haki ya ujirani, akasikia karatasi inasomwa: marehemu alizaliwa mahali fulani, alisoma, alifanya kazi kadhaa wa kadhaa, ameacha watoto na wajukuu. Kisha siku ya pili akafa baba yake mwenyewe. Akaoshwa, akakafiniwa, akasaliwa, akafukiwa, ikasomwa talkini, na watu wakashuka mjini kabla jua halijainama. Kijana yule akabaki na uchungu moyoni, akaona kama kwamba baba yake amezikwa kwa siri. Uchungu huu si wa kuchekwa, wala haufai kujibiwa kwa neno moja la haramu au halali, kisha mtu akavaa viatu vyake akaenda zake.

Na wazee hao ni watu gani? Wadachi walijenga boma la Arusha mwaka 1900, na reli ikafika kutoka Moshi mwaka 1929. Watu wa pwani waliopanda kule pamoja na misafara, na baadaye kwa gari la moshi, wengi wao hawakuwa na vyeo. Alikuwako mshoni, alikuwako mpishi, alikuwako mwenye kiduka cha chumvi na mafuta ya taa. Mji ule umewajua watu wa namna hiyo wengi: mtu aliyefungua mlango wa msikiti kila alfajiri miaka arubaini, hata katika baridi ya mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na mtu wa Pangani akajuta kuzaliwa, mtu aliyewaosha maiti wa wenziwe bila ujira, akawafundisha watoto alifu kwa ubao, akawapatanisha mume na mke usiku wa manane. Mtu huyu hakuandika kitabu, wala mtaa haukuitwa kwa jina lake.

Basi na tuanze na mfano wake Madina. Wamepokea Bukhari na Muslim habari ya mwanamke mweusi, na katika mapokezi mengine ni kijana mwanamume, aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Akafa, na sahaba wakamzika wasimpe Mtume habari, kwa kuwa waliona jambo lake ni dogo. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkosa, akauliza yuko wapi. Alipoambiwa amekufa aliwalaumu kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamsalia pale pale. Tazama vizuri, ewe msomaji. Pale kaburini hakukusomwa habari za kuzaliwa kwake wala za ukoo wake. Heshima ya kwanza aliyopewa mfagiaji ni kwamba alikosekana, na mbora wa viumbe akauliza habari yake. Na ya pili ni dua. Lakini hadithi hiyo hiyo yawalaumu wanaonyamaza kwa kudharau. Kunyamaza kwa sahaba siku ile hakukuwa adabu, kulikuwa ni kumpima mtu kwa kazi ya mikono yake.

Kutaja wema wa maiti, basi, hakukatazwi, bali kumeamrishwa. Mtume ametutaka tuwataje wafu wetu kwa mazuri yao na tuyaache mabaya yao. Na amepokea Anas ya kuwa lilipita jeneza, watu wakalisifu, Mtume akasema imewajibika. Likapita la pili, wakalitaja kwa shari, akasema vile vile. Sayyidna Umar alipouliza, akajibiwa kwamba wa kwanza imemwajibikia Pepo na wa pili Moto, kwani wao ndio mashahidi wa Mwenyezi Mungu katika ardhi. Na katika mapokezi mengine wanatajwa mashahidi wanne, kisha watatu, kisha wawili. Naye Umar asema hawakumwuliza Mtume juu ya mmoja.

Neno lililotumika hapa ni ushahidi, na ushahidi una masharti yake. Watu wale wa Madina hawakuitwa kusifu, wala hawakupewa karatasi, wala hawakukaa wakingoja sinia. Jeneza lilipita, na ndimi zikasema zilichokijua. Leo twaona mtu amesimama penye kipaza sauti akimsifu maiti ambaye hakupata kusali naye hata rakaa mbili, na jirani aliyekula naye miaka thelathini ameketi nyuma ya turubai, hapana aliyemwuliza. Sifa ya namna hiyo ni ya nani? Mara nyingi ni ya mwenye kusema, au ya wana wa maiti wapate kuonekana.

Tena liko jambo la kutisha zaidi. Abdallah bin Rawaha aliugua akazimia, na dada yake akaanza kumlilia kwa kuhesabu sifa zake, ewe uliye hivi, ewe uliye vile. Alipozindukana akamwambia ya kwamba hakusema neno ila yeye aliulizwa: je, wewe ndiwe hivyo? Habari hii ameipokea Bukhari kutoka kwa Nuuman bin Bashir, naye asema Ibn Rawaha alipokufa dada yake hakumlilia tena. Alikufa shahidi katika vita vya Muta, mwaka wa nane wa Hijra. Na azingatie mwenye kutunga wasifu wa baba yake: kila neno aliongezalo, labda baba yake aulizwa nalo peke yake mahali ambapo hakuna wa kumsaidia kujibu. Mwana ambaye ampenda babaye hambebeshi mzigo huo.

Lakini hapa patokea shida ambayo watu wa biashara waijua. Kama tumeamrishwa kuyaacha mabaya ya maiti, vipi juu ya deni? Mzee yule wa kiduka labda alikopa magunia mawili ya mchele kwa ahadi ya mdomo, maana zamani mtu wa pwani na Mhindi wa dukani waliaminiana bila karatasi. Anasimama mdai, na wana wanakasirika: leo si siku ya kumwaibisha mzee. Wana wamekosea, ingawa wametaka heshima. Mwenye kuosha maiti akiona aibu mwilini yampasa kusitiri, na mwenye kujua dhambi kati ya maiti na Mola wake yampasa kunyamaza. Deni haliko katika hayo, kwani ni haki ya mtu aliye hai. Aliletwa maiti mbele ya Mtume, ikasemwa ana deni na hakuacha cha kulilipa, naye akawaambia sahaba wamsalie wao, mpaka Abu Katada akalichukua deni juu yake, ndipo akamsalia. Katika mkutano ule hapana aliyemheshimu maiti kuliko Abu Katada, naye hakusema neno moja la sifa.

Kwa sababu hiyo mali ya maiti ina utaratibu: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiopita theluthi, kisha urithi. Karamu ya msiba haimo. Mtume alipopata habari ya kuuawa Jaafar aliwaagiza watu wawapikie jamaa zake, maana wameshughulishwa na msiba. Nasi twawafanya wafiwa wapike. Imam Shafi amechukia hata kule kukusanyika kwa matanga. Na akiwamo yatima katika warithi, ule wali wapikwa kwa fungu lake, na Mwenyezi Mungu amekwisha kutaja ni kitu gani huingia tumboni mwa mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma. Wapishi wa Arusha wajua pilau, hapana shaka. Lakini na aulizwe kwanza ni nani aliyenunua nyama.

Imebaki habari ya jirani asiye Mwislamu. Lilipita jeneza la Myahudi, Mtume akasimama, na alipoambiwa ni la Myahudi akauliza kama yule hakuwa nafsi. Na baada ya Badri alimtaja Mutim bin Adi, aliyekufa katika dini ya wazee wake lakini alimpa hifadhi Makka, akasema kwamba lau angekuwa hai akawaombea mateka wale angemwachia. Haya ni kukumbuka wema kwa haki, bila kuchanganya dini na dini. Hivyo Mwislamu wa Arusha halaumiwi kwa kutaja uaminifu wa Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyekufa kwa ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984 akazikwa kwao Monduli Juu. Mji ukaipa barabara jina lake. Na katika barabara hiyo hiyo wapita wauzaji wenye mizani pungufu, na jina lipo juu ya vichwa vyao.

Basi kijana aliyeuliza na asimame makaburini baada ya dua, wala asisome karatasi ndefu. Na aseme: huyu ni baba yetu, nanyi mwamjua kuliko tuwezavyo kusema, mwenye kumdai na aje kwangu, na aliyekosewa naye tunamwomba amsamehe, au aseme tumridhishe. Kisha awaache wazee waliosali na baba yake waseme wenyewe, wawili au watatu, kile walichokiona kwa macho yao. Watu watashuka kuelekea mjini. Yeye na abaki penye kivuli, na daftari na kalamu, mpaka amalize kuandika wa mwisho.