Ni Ndizi Tu, Ustadhi

 

Ndugu zangu wanafunzi, nimeombwa niandike mada hii kama fatwa. Siwezi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu tu, ninaendesha darsa la Alhamisi kwa kuwa wenzangu walikataa. Nitasimulia nilivyokosea.

Mwezi wa Shaabani ndugu yetu mmoja aliniuliza swali mbele ya darsa. Ameniruhusu niandike, lakini jina lake silitaji. Ndugu huyu hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Alianza kwa kuogopa nyama za migahawa, asiyojua kachinja nani, kisha akazoea. Akasema: “Ustadhi, mimi nakula mimea peke yake. Urwarwa ni ndizi na mtama tu. Hamna nguruwe, hamna damu, hamna mnyama aliyeumizwa. Uharamu wake unatoka wapi?”

Nilicheka. Nikamwambia, “Basi na bangi nayo ni mboga.” Darsa zima likaangua kicheko. Yeye akatabasamu, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Wiki tano hatukumwona msikitini.

Swali lake lilikuwa na jibu, nami nilimpa mzaha. Jibu ni hili. Fikirini urwarwa unavyotengenezwa huko milimani kwetu Burundi. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa majani mpaka zitoe maji. Maji hayo, umutobe, ni matamu na ni halali. Hata mtoto hupewa. Hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa siku mbili tatu, na kinywaji kile kile kinakuwa haramu. Hakuna mnyama aliyeingia chunguni. Ulioingia ni ulevi. Na kingegeuka chenyewe kuwa siki, kingerudi kuwa halali; Mtume (s.a.w.) aliisifu siki kuwa kitoweo kizuri. Yeye mwenyewe alikuwa akirowekewa zabibu kavu, akinywa maji yake mpaka siku ya tatu, kisha yaliyobaki humwagwa.

Watu wa Yemen walikuwa na pombe ya shayiri na ya asali. Abu Musa alipomwuliza Mtume juu yake, jibu lilikuwa kwamba kila kilevyacho ni haramu. Bwana Umar, akiwa juu ya mimbari, alitaja vitu vitano ambavyo pombe ilitengenezwa navyo: zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akasema pombe ni kile kinachofunika akili. Vinne kati ya hivyo ni mimea. Na cha tano, asali, ndugu yetu alikwisha kukiacha!

Nilisoma baadaye kwamba wapo watengenezaji wanaosafisha bia na divai kwa bondo la samaki au ute wa yai, ndiyo maana wala mimea wa Ulaya huchunguza hata chupa. Nikajaribiwa kumjibu kwa hilo. Lingekuwa jibu bovu: samaki kwetu ni halali, na bia isiyopitishwa kwenye bondo ni haramu vile vile.

Wengine walimlaumu kwa sahani yake. Hapo pia tulikosea. Katika Sura Al-Maida, aya ya 87 inatukataza kuharamisha vizuri tulivyohalalishiwa, na aya tatu mbele, ya 90, inaharamisha pombe. Lakini yeye hakusema nyama ni haramu, hapendi tu. Mtume aliandaliwa mjusi wa jangwani, hakumla, wala hakuwakataza waliokula.

Kilichonikosesha usingizi ni hadithi nyingine. Palikuwa na mtu Madina aliyeletwa mara kwa mara kuadhibiwa kwa kunywa. Mmoja akamlaani. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilibaki, na mlevi akabaki ndugu. Mimi sikumlaani wangu. Nilimchekesha kwa watu, na sijui lipi zito zaidi.

Nikaenda chumbani kwake. Alikuwa anapika maharage na lengalenga kwa mafuta ya mawese. Nikaomba radhi kabla ya kuketi. Ndipo akanieleza: swali lile lilitoka kwenye mahari ya dada yake, kwa wajomba zake wasio Waislamu. Chungu kiliwekwa katikati na mirija, na mzee mwenyewe akampa mrija mkononi. Kuukataa ni kuikataa familia. Alivuta mara mbili, akarudi chuoni akitafuta mtu wa kumwambia.

“Nilitaka uniambie nifanyeje mara nyingine,” akasema.

Tukala. Nikamwambia aombe umutobe mapema, kabla wageni hawajafika, ili mzee asiaibike mbele ya watu naye aketi duarani na kibuyu chake. Harusi ni mwezi ujao, na ameniomba nifuatane naye.