Kufuta Nyayo Katika Kompyuta ya Nyumbani

Je, afutaye orodha ya kurasa alizosoma katika kompyuta ya nyumbani atenda kosa? Wazazi wengine husema: asiye na la kuficha hafuti. Hatukubali. Binti asomaye juu ya ugonjwa wake hana hatia, wala kaka zake hawana haki ya kuujua. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 16, yahifadhi maisha binafsi ya kila mtu. Lakini akiulizwa na mzazi kwa haki, naye akakana, hapo amesema uongo. Tena orodha hufutika katika kompyuta ile tu. Kampuni iletayo intaneti yaweza kubaki na kumbukumbu za tovuti alizofungua. Na mtoto mdogo je? Mzazi na aketi karibu naye asomapo, asingoje kupekua akiisha kuondoka.