Mwembe na Mninga

Jioni za Jumapili, jamaa za Misunkumilo, mjini Mpanda, hutoka kutembea na watoto wao, wakapumzika chini ya mwembe wa kando ya njia. Nasi hujiuliza: je, binadamu ni mchoyo kwa asili yake? Huenda aliyeupanda mwembe ule alitamani maembe tu. Kivuli kikawafikia wapita njia pasipo yeye kukusudia. Lakini mninga wa misitu ya miombo huchukua miongo mingi ya miaka kukomaa. Auachaye mche wake usimame hatarajii kujipatia kitanda wala mlango. Huwawekea wasiozaliwa bado. Basi uchoyo tunao, na ukarimu tunao. Hustawi ule tuupaliliao. Mtoto avunjaye mche njiani tusimkemee tu, bali tumpe mwingine aupande na kuutunza.