Nairuzi, Kilimia na Mwandamo wa Mwezi

Mkulima na mvuvi wa pwani ya Tanga wana masuala mawili yapasayo kujibiwa. La kwanza: je, kutazama nyota ili kujua majira ni shirki? La pili: je, yajuzu kwa Mwislamu kuoga mwaka? Mwenye kuyachanganya masuala haya ama huharamisha halali, ama huhalalisha haramu.

Ama Kilimia, watu wa Mrima wakijua tangu zama. Hupotea magharibi baada ya jua kuchwa, mwanzo wa Mei, masika yanyeshapo. Kisha katika Juni huonekana tena mashariki wakati wa alfajiri, mvua kubwa zimekatika na kusi yavuma. Atazamaye hivyo hana dhambi, kwani Sura ya Yunus, aya ya 5, yataja jua na mwezi na vituo vyake ili watu wajue idadi ya miaka na hisabu. Dhambi ni kuitakidi kuwa nyota ndiyo iletayo mvua. Asubuhi ya Hudaybiya, baada ya mvua ya usiku, Mtume (s.a.w.) alieleza kutoka kwa Mola wake kuwa mwenye kusema hivyo ameiamini nyota na kumkufuru Mungu. Na Shiira, nyota waliyoitazamia Wamisri wa kale alfajiri wapate kujua kujaa kwa mto Nile, Sura Najm, aya ya 49, yasema ina Mola wake.

Nairuzi ni jambo jingine. Jina ni la Kiajemi, na hisabu yake ni siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kuzidi. Ni hisabu yenye manufaa. Rubani Ahmad bin Majid, katika karne ya 15, alihesabu kwayo nyakati za kusafiri. Kuoga pwani nako, kwa nafsi yake, hakuna ubaya. Neno liko katika nia: aogaye akiamini kuwa maji ya siku ile yaondoa nuksi, au apelekaye chakula mzimuni, huyo ametoka katika hisabu akaingia katika ibada. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu na siku mbili za michezo, na baadhi ya wafasiri husema moja ilikuwa Nairuzi; akawaambia Mungu amewabadilishia zilizo bora, nazo ni Idi mbili.

Idi hizo zafuata mwandamo. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote kwa kadiri ya miaka 33: mara kaskazini, mara masika, mara kusini. Hapana nchi iliyopewa saumu nyepesi daima.

Wako wazee wasemao kuwa mwaka usipoogwa mvua hupungua. Lakini Nairuzi haina siku ya nyongeza kila mwaka wa nne, basi katika miaka 120 hurudi nyuma siku 30. Masika hayakurudi nayo.