Mnara wa Sala au Mnara wa Matakwa?

Katika Final Fantasy IV, gemu iliyotoka Japani mwaka 1991, watu wa mji wa Mysidia hukusanyika mnarani kuwaombea mashujaa walio vitani mwezini. Kwa Kijapani huo ni mnara wa sala. Toleo la Kiingereza lililouzwa Marekani mwishoni mwa mwaka huohuo liliuita mnara wa matakwa. Katika toleo hilo Rosa, mwanamke mganga, alinyang'anywa uwezo wake wa kusali vitani. Uchawi mkuu uitwao Holy, yaani “takatifu”, ukawa White, “nyeupe”. Mwaka 1994, katika Final Fantasy VI, ukaitwa Pearl, “lulu”.

Ajabu ni kwamba Holy ni neno la Kiingereza. Wajapani walilikopa, wenye lugha yao wakalikataa.

Huu haukuwa uzembe wa wafasiri. Tawi la Marekani la Nintendo, kampuni yenye mashine zilizochezewa gemu hizo, lilikuwa limepiga marufuku alama na maneno ya dini, likichelea kuwaudhi wateja. Misalaba ilifutwa. Gemu ya Zelda ya mwaka 1991, ambayo jina lake la Kijapani linataja miungu, ilifika Marekani mwaka uliofuata ikiitwa A Link to the Past, na kuhani Agahnim akageuzwa mchawi.

Mcha Mungu anaweza kuiunga mkono hatua hiyo. Taurati inakataza kulitaja bure jina la Mungu, na gemu ni mchezo tu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini huko Mysidia kilichoondolewa si jina la Mungu, bali tendo la mwanadamu. Anayesali amekiri kwamba nguvu zake zimefika ukomo, naye anamwelekea mwingine. Mwenye matakwa si lazima amwelekee yeyote. Hadithi ile inasema kwamba mashujaa wanapokaribia kushindwa, unyenyekevu wa watu walio mbali ndio unaowainua. Weka matakwa mahali pa sala, na unyenyekevu huo hauonekani tena.

Japani yenyewe iliwahi kushuhudia kosa la upande wa pili. Mmisionari Francis Xavier alifika Kagoshima mwaka 1549, na kwa msaada wa Anjirō, Mjapani aliyebatizwa, akamhubiri Mungu kwa jina la Dainichi. Hilo ni jina la Buddha mkuu wa madhehebu ya Shingon, na watawa wa Shingon walimwona kama mwenzao. Xavier alipong'amua kosa hilo, aliliacha jina hilo, akashika neno la Kilatini, Deus, na kuanza kuwapinga waziwazi. Ugomvi ulizuka, lakini sasa kila upande ulijua unapinga nini.

Nintendo ililegeza masharti yake katikati ya miaka ya 1990, baada ya mfumo wa kuzipanga gemu kwa umri kuanzishwa Marekani. Mwaka 1997 Final Fantasy VII ilitoka kwenye PlayStation, mashine isiyo ya Nintendo, na humo mhusika Aerith anasali ili aiamshe Holy, safari hii kwa jina lake halisi, iiokoe sayari. Mwislamu au Mkristo ana haki ya kuhoji sala hiyo: inaelekezwa kwa nani, na je, kiumbe huombwa? Mchezaji wa mwaka 1991, aliyepewa mnara wa matakwa, hakuachiwa hata nafasi ya kuuliza.