Milango ya Yaakubu

Ukipita barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, pale Mikese, utakuta shamba moja lina mahindi na mbaazi. Mahindi huvunwa, mabua yakakauka, na mbaazi bado zimesimama, maua yake ya njano ndiyo kwanza yanafunguka. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha uagizaji na bei ikaporomoka. Mwenye kuchanganya aliumia, ila ugali ulipikwa.

Hisa nazo zina misimu yake. Safaricom iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Agosti 2021 ikapita 40, na mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Huko Marekani, Nasdaq, soko lililojaa kampuni za teknolojia, lilipoteza karibu theluthi moja mwaka 2022. Aliyeshika Safaricom na Apple akajiona ametawanya mali, kumbe kapanda mahindi ya mbegu mbili.

Bei zikishaanguka hivyo, afanyeje? Auze baadhi anunue za benki, saruji, bia, au vipande vya UTT AMIS, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya Tanzania? (Kwa Mwislamu bia haimo, wala benki na hatifungani za riba.) Wapo wasemao riziki imeshaandikwa, na kuhangaika kuigawa ni kumshuku Mungu. Hata methali iko upande wao: mshika mbili, moja humponyoka.

Lakini katika Surat Yusuf njaa imetanda, na Yaakubu anawatuma wanawe Misri kutafuta chakula. Anawaagiza wasiingie kwa mlango mmoja, bali kwa milango mbalimbali. Papo hapo anakiri kwamba agizo lake halizuii chochote alichoamua Mungu, na kwamba tegemeo lake ni Yeye. Wafasiri wengi husema alihofia kijicho. Iwe hivyo, tahadhari na tawakali vimetoka kinywani mwake kwa pamoja, wala hakuona vinagombana.

Tena alikuwa ameshaonja hasara: mwanawe Yusuf alipotea miaka mingi nyuma. Hofu ya kupoteza tena haikumfanya awafungie wanawe ndani, jambo analolifanya mwenye hisa anayeuza zote kwa pupa siku soko linapoanguka na kuficha fedha uvunguni. Aliwaachia waende, akabadilisha njia tu.

Wanawe walitii, wakaingia kwa milango mbalimbali. Mmoja wao, Benyamini, akazuiliwa Misri hata hivyo.